Selimundu na ulezi wa wanasayansi wa tiba

Selimundu ndiyo maradhi ya kwanza ambayo sayansi iliyafuata hadi ndani ya molekuli. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake kule California walipitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa, wakaona inakwenda kwa mwendo tofauti na ya watu wasio na ugonjwa huo. Kufikia 1957, Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alikuwa ameshathibitisha kuwa chanzo cha mateso yote yale ni asidi amino moja tu iliyokaa mahali pa nyingine. Kati ya hao wawili yupo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha kazi aliyoifanya Kenya na Uganda akieleza kwamba mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake, ilikuwa imeshajulikana kasoro iko wapi, na kwa nini imejaa zaidi kwenye maeneo ya joto yenye mbu kuliko kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Sasa tuje 2004. Mwaka huo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu kwenye kundi moja la kufuatiliwa. Kila mmoja alipewa namba yake, zikaandikwa tarehe ya kuzaliwa, vipimo vya damu, na kila mara alipozidiwa akalazwa. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalichapishwa 2011: wagonjwa 1,725, vifo 1.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano vifo 7.3. Kabla ya namba hizo, mzazi aliyemuuliza daktari wa Dar es Salaam kama mwanawe ataishi alijibiwa kwa kukisia, au kwa takwimu za Jamaika na Marekani.

Kutoka Allison hadi kundi la Muhimbili ni nusu karne. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na katika nusu karne hiyo wengi wao walikufa bila hata ugonjwa wao kutajwa kwa jina. Maabara za dunia hazikulala kipindi hicho. Kilichokosekana ni watu waliofundwa kuushika ugunduzi upande mmoja na mgonjwa upande wa pili, wakaukokota hadi ufike.

Kazi hiyo ya kuvusha utafiti kutoka maabara hadi wodini, na kutoka wodini kurudi maabara, siku hizi ina shahada zake. Msukumo mkubwa ulianzia Marekani chini ya Elias Zerhouni, daktari mzaliwa wa Algeria aliyeongoza NIH, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya nchi ile. Mwaka 2006 NIH ilianza kutoa ruzuku maalumu kwa vyuo vikuu vilivyokubali kujenga vituo vya kuvusha utafiti na kufundisha watu wa kuvifanyia kazi, na mwishoni mwa 2011 ikaanzisha kituo chake cha kitaifa cha shughuli hiyo. Sababu zilikuwepo. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2003 ulichukua makala 101 za majarida makubwa ya sayansi, zilizotoka kati ya 1979 na 1983, ambazo waandishi wake walisema wazi kwamba ugunduzi wao unaleta matumaini ya tiba. Miaka ishirini baadaye, magunduzi 27 yalikuwa yamefika kwenye jaribio la tiba lenye kupangiwa makundi kwa bahati nasibu, matano yalikuwa yamepata kibali cha kutumika, na moja tu ndilo lililokuwa linatumika kwa upana.

Leo matawi ya Chuo Kikuu cha California ya Berkeley na San Francisco yanatoa kwa pamoja shahada ya uzamili ya fani hii. Uingereza vyuo kadhaa vinayo. Ukifungua mitaala yao utakuta mambo yanayofanana: namna ya kupanga jaribio, takwimu, maadili, taratibu za mamlaka za dawa, hataza, na namna ya kupeleka bidhaa sokoni. Ni mitaala mizuri na sina ugomvi nayo. Hofu yangu inaanza pale vyuo vyetu vinapotaka kuichukua ilivyo, kutangaza shahada, kutafuta darasa na wahadhiri watatu, na kuamini kwamba wanasayansi wa tiba watatokea. Historia ya selimundu Afrika Mashariki inaonyesha njia nyingine. Waliofanikiwa kuvusha utafiti hapa kwetu wamelelewa na kundi la wagonjwa linalofuatiliwa kwa miaka mingi, chini ya msimamizi mwenye mguu mmoja wodini na mwingine maabara. Pasipo kundi na msimamizi, mtaala hauna mahali pa kushika.

Tuchukue kazi moja ndogo ya maabara. Mtoto anatobolewa kisigino, matone ya damu yanadondoshwa kwenye kadi ya karatasi nzito yenye miduara, kadi inaachwa ikauke, kisha inafungwa kwenye mfuko pamoja na kijipakiti cha kunyonya unyevu. Maabara hukata kipande kidogo cha mduara ule, huyeyusha damu, na kuipitisha kwenye jeli yenye umeme. Himoglobini zinajipanga mistari kila moja mahali pake: A ya kawaida, F ya kichanga, S ya selimundu. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa huonyesha F nzito na S, bila A. Aliyerithi kwa mzazi mmoja huonyesha F, A na S. Mwanafunzi yeyote mwerevu anajifunza kusoma jeli hiyo kwa asubuhi moja.

Kisha inakuja sampuli ya mtoto wa miezi minane yenye A na S. Mwanafunzi anaandika kuwa huyu ni mbebaji tu, hana ugonjwa, aende nyumbani. Msimamizi aliyetoka raundi anauliza swali moja: huyu mtoto ameongezewa damu lini? Faili linafunguliwa, na kumbe wiki mbili zilizopita alilazwa akiwa amepauka viganja, akatundikiwa damu. Ile A si yake, ni ya mchangiaji. Mtoto ni mgonjwa, na angerudishwa nyumbani na cheti cha uzima hadi siku homa itakapomchukua.

Swali hilo halitoki kwenye jeli. Linatoka kwa mtu aliyewahi kutundika damu yeye mwenyewe na kuona jinsi rangi inavyomrudia mtoto. Ukimfundisha mtaalamu wa maabara peke yake, na daktari peke yake, swali linaanguka katikati yao. Mafunzo ninayoyazungumzia yapo ili kuwe na kichwa kimoja ambamo jeli na faili vinakutana, na kichwa cha namna hiyo kinatengenezwa kwa kukaa karibu na kingine kilicho hivyo tayari.

Julie Makani ndiye mfano ulio karibu nasi zaidi. Alisomea udaktari Muhimbili, akaenda London katika Hospitali ya Hammersmith, akapita Oxford, na mwaka 2003 akapata ufadhili wa Wellcome Trust wa kufanya utafiti wa selimundu nyumbani. Angeweza kuchukua sampuli, kurudi Uingereza na kuandika makala zake. Alichofanya pamoja na wenzake ni kujenga kliniki na rejista, yaani kitu ambacho mtafiti mmoja hakimalizi na ambacho kinauzidi umri mradi wowote. Ndani ya kliniki ile wengine wakapata pa kujifunzia.

Mmoja wao ni Siana Nkya. Mwaka 2014 yeye na wenzake wa Dar es Salaam na London walichapisha uchunguzi wa jenomu za wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania, wakitafuta ni vinasaba gani vinavyofanya baadhi yao wabaki na himoglobini ya kichanga kwa wingi hata wakubwapo. Swali lile lina mizizi ya zamani. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, akahisi kuwa himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga. Baadaye ikaonekana kwenye mashamba ya mitende ya mashariki mwa Saudi Arabia kwamba wapo wagonjwa wazima wenye F nyingi ambao ugonjwa wao ni mwepesi. Utafiti wa Tanzania ulithibitisha kwamba kinasaba kiitwacho BCL11A, kilichokuwa kimeonekana kwa watu wa Ulaya, kinafanya kazi hiyo hiyo kwa wagonjwa wetu.

Nakitaja kinasaba hiki kwa sababu kina hadithi ya mafunzo ndani yake. Waliochimbua namna BCL11A inavyoizima himoglobini ya kichanga walikuwa kwenye maabara ya Stuart Orkin kule Boston, na aliyeongoza makala ya 2008 ni Vijay Sankaran, aliyekuwa bado mwanafunzi akisomea udaktari na uzamivu kwa pamoja. Orkin mwenyewe ni daktari wa watoto na wa damu. Kijana yule alipewa nafasi ya kuligusa swali kubwa kuliko umri wake, na msimamizi aliyejua mgonjwa anateseka wapi. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyopata kibali Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Damu ya watoto wa Dar es Salaam ilisaidia kuthibitisha kuwa kinasaba hicho kina kazi ile ile kwa Waafrika. Tiba iliyotokana nacho haitawafikia kwa bei hiyo. Hapo ndipo naona mafunzo ya kuvusha utafiti yanapaswa kuwa na msimamo. Mwanafunzi asifundishwe kwamba safari imekwisha pale dawa inapopata kibali London. Safari yake inaishia Temeke, Kisumu na Bunia, na kama haijafika huko, bado kuna swali la kitafiti la kuulizwa.

Swali hilo liliulizwa kuhusu dawa nyingine, tena kwa uzuri. Haidroksiyurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikatumika kwenye saratani, na miaka ya 1980 ikaonekana inapandisha himoglobini ya kichanga. Mwaka 1995 jaribio la watu wazima 299 Marekani na Kanada lilionyesha inapunguza vipindi vya maumivu karibu nusu. Mwaka 1998 ikapata kibali kule. Baada ya hapo ikasimama mlangoni mwa Afrika miaka ishirini. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi: dawa inashusha chembe nyeupe za damu, je, mtoto anayeishi kwenye malaria na vijidudu vingine haitamwacha wazi?

Jaribio lililoitwa REACH lilijibu. Liliendeshwa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na mwandishi wake wa kwanza ni Léon Tshilolo, daktari wa Kongo. Watoto 606 wa kati ya mwaka mmoja na kumi walipewa dawa, wakalinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza. Maumivu yalishuka kutoka matukio 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa, nayo ikapungua kutoka 46.9 hadi 22.9. Msomaji makini atasema hapakuwa na kundi la kulinganisha lisilopewa dawa, na atakuwa amesema kweli. Ni jambo la kufundishia, kwa sababu mwanafunzi anapaswa kueleza ni lini inafaa kimaadili kumnyima mtoto dawa inayojulikana kusaidia, na anapoteza nini kwenye uhakika wa jibu lake anapochagua kutomnyima.

Baada ya REACH likabaki jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha jenomu. Kidonge cha kawaida cha haidroksiyurea kina miligramu 500. Mtoto wa kilo 12 anayepewa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 240. Mama afanye nini na kidonge kile? Akifungue na kugawa unga kwa macho? Akiyeyushe kwenye maji na kupima kwa sindano isiyo na ncha, na maji yale yakae siku ngapi kwenye nyumba isiyo na jokofu? Ampe siku moja na kuruka nyingine? Maswali haya ni ya famasia, ya jikoni na ya mamlaka ya dawa kwa wakati mmoja. Ningependa kuona nusu ya tasnifu za uzamili za fani hii zikitoka kwenye maswali ya aina hii. Mtafiti kijana mara nyingi anayaona kuwa madogo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hapo ndipo watoto wanapopotea.

Kilifi ni shule ya namna hiyo kwa upana zaidi. Kituo kilianza 1989 kwenye hospitali ya wilaya, chini ya Norbert Peshu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Kevin Marsh wa Oxford, wakianza na timu ndogo na malaria ya watoto. Mwaka huo huo, kule Oxford, David Weatherall alifungua taasisi ya tiba ya molekuli kwenye viwanja vya hospitali. Alifanya hivyo kwa makusudi. Alikuwa daktari ambaye maisha yake ya kitafiti yalianzia Singapore miaka ya 1950 kwa mtoto wa askari wa Kinepali aliyekuwa na upungufu wa damu usioeleweka, na alitaka wanasayansi wa molekuli wakae mahali wanapoweza kuvuka korido wakamwona mgonjwa.

Tangu 2000 Kilifi imekuwa ikiwahesabu wakazi wa eneo linalozunguka hospitali, watu wapatao laki tatu, nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mtoto akilazwa, rekodi ya wodini inaunganishwa na ya nyumbani kwao. Mwanafunzi anayepata swali Jumatatu anaweza kuanza kulijibu wiki hiyo hiyo kwa data ambayo wengine walianza kuikusanya kabla hajamaliza sekondari. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Pwani, vijana wanaotoka shahada ya kwanza hupata pia stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya, wakiwa wameambatanishwa na timu zinazofanya kazi. Hao ndio baadaye huendelea na uzamili na uzamivu.

Kilifi ndiko lilikopatikana jibu la ubishi uliowahi kuwagharimu watoto maisha. Kule Marekani ilijulikana tangu 1986 kwamba penisilini ya kila siku huwakinga watoto wenye selimundu. Aliyeongoza jaribio lile ni Marilyn Gaston, na safari yake ilianza 1964 akiwa mtarajali Philadelphia, alipoletewa kichanga chenye mkono uliovimba. Aliutafuta mfupa uliovunjika asiuone. Daktari aliyekuwa juu yake akamwambia apime damu, aangalie selimundu. Mtoto alikuwa nayo. Gaston hakuwa ameifikiria kabisa, na fedheha ile aliigeuza kuwa kazi ya maisha. Jaribio lake lilihusu watoto 215 na lilipunguza maambukizi makali kwa asilimia 84, na mwaka uliofuata wataalamu walioitishwa na NIH wakapendekeza kila mtoto apimwe anapozaliwa.

Afrika ikawepo hoja kwamba huku bakteria wanaowaua watoto hawa ni wengine, hivyo penisilini na chanjo za nimonia huenda zisisaidie. Mwaka 2009 Thomas Williams na wenzake wa Kilifi walifungua rekodi za miaka mingi za watoto waliolazwa na bakteria kwenye damu. Bakteria aliyeongoza kwa wenye selimundu, kwa asilimia 41, alikuwa yule yule wa Marekani, nimokoka. Jibu lilikuwa limelala kwenye friji za sampuli na kwenye madaftari ya wodi. Lilihitaji mtu aliyejifunza kuuliza, na wodi iliyokuwa na mazoea ya kumchukua damu ya kuotesha kila mtoto anayelazwa, hata pale ambapo hakuna aliyejua itatumika kwa nini.

Uganda nao walionyesha namna ya kuvusha kwa gharama ndogo. Kampala ilikuwa na maabara kuu inayopokea kadi za damu kavu za watoto wa nchi nzima kwa ajili ya kupima VVU. Grace Ndeezi wa Makerere na wenzake walizitumia kadi hizo hizo kupima selimundu: sampuli zaidi ya 97,000, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yakaonyesha asilimia 13.3 ni wabebaji na asilimia 0.7 wana ugonjwa, kwa ramani ya wilaya kwa wilaya. Bugando, Mwanza, wakafanya hivyo kwa Kanda ya Ziwa chini ya Emmanuela Ambrose, wakakuta mtoto mmoja katika kila watano ni mbebaji na asilimia 1.2 ni wagonjwa. Hapakujengwa maabara mpya ya kukusanyia sampuli. Palikuwa na watu waliozitazama kadi za VVU na kuona zinaweza kujibu swali la pili.

Kuna upande mmoja wa mafunzo haya unaohitaji ujasiri zaidi ya akili: kurudi nyuma, kutoka wodini kwenda kwenye sayansi, pale wodi inapokataa kile ambacho kitabu kinasema. Jaribio la FEAST ndilo ningempa kila mwanafunzi alisome neno kwa neno. Liliendeshwa kwenye hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa Uganda, Kilifi kwa Kenya, na Teule ya Muheza kwa Tanzania, likiongozwa na Kathryn Maitland. Mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, kitabu kilisema apewe maji mengi ya dripu kwa kasi. Ndivyo ilivyofundishwa London na Boston. Watoto 3,141 walipangwa kwa bahati nasibu: wengine maji ya haraka ya aina mbili, wengine dripu ya kawaida ya polepole. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Baada ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5. Wasiopewa, asilimia 7.3.

Watu wengi hawakuamini. Wengine walisema lazima watoto walizama kwa maji mapafuni. Watafiti wakarudi kwenye rekodi za vifo, mtoto mmoja mmoja, na kuchapisha 2013 kwamba wengi walikufa kwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka, si kwa maji kuzidi. Hilo nalo likawa swali jipya kwa wanafiziolojia. Ninapofundisha jaribio hili, ninawauliza madaktari wanaosomea ubingwa: ni jambo gani unalifanya kila usiku wa zamu ambalo hakuna aliyelipima kwa watoto wetu? Kimya kinachofuata huwa kirefu. Halafu mmoja anataja oksijeni, mwingine damu, mwingine kiasi cha dawa ya degedege, na hapo darasa linakuwa limeanza.

Mfumo wetu wa sasa unamfanyia nini daktari huyo? Anasoma ubingwa kwa miaka mitatu au zaidi, akihudumia wodi usiku na mchana. Tasnifu yake inatakiwa ikamilike ndani ya miezi michache ya mwisho, hivyo anachagua mada inayoweza kukusanyika haraka: ni asilimia ngapi ya wagonjwa wa hospitali fulani wana hali fulani. Anatetea, anafaulu, tasnifu inawekwa rafu, na mwenzake wa mwaka unaofuata anaanza upya na hospitali nyingine. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kutetea, na kinachoniuma ni akili nzuri zinazopita pale zikifanya kazi isiyoungana na ya aliyetangulia wala ya atakayefuata. Wanafunzi kumi wangekuwa wanachimba kundi moja la wagonjwa, tasnifu ya kumi ingekuwa inajibu swali ambalo ya kwanza haikuweza hata kuliota.

Msimamizi naye ana hali yake. Ni bingwa wa kliniki tatu kwa wiki, mwalimu wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, mjumbe wa kamati, na jioni yuko hospitali binafsi kwa sababu mshahara hautoshi ada za watoto. Anasimamia wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasoma. Swali la «mtoto ameongezewa damu lini?» linahitaji mtu aliye chumbani wakati jeli inasomwa, na yeye hayupo. Ndiyo maana nasema fedha ya kwanza ya programu yoyote ya fani hii inunue muda wa wasimamizi: nusu ya wiki iliyoandikwa kwenye mkataba, inayolipwa, na ambayo mkuu wa idara hana ruhusa ya kuichukua kuziba zamu. Majengo na mashine zije baadaye. Pia fedha hiyo imfikie muuguzi wa utafiti, mtunza data na mtaalamu wa maabara, maana hao ndio wanaobaki wakati wanafunzi wanapita, na mwanafunzi mara nyingi hujifunza kwao zaidi kuliko anavyokiri kwenye ukurasa wa shukrani.

Fedha hiyo itoke wapi? Kwa miaka mingi imetoka nje: Wellcome Trust ya Uingereza, NIH ya Marekani, mradi wa jenomu za Waafrika wa H3Africa uliofika ukingoni 2022. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha ruzuku ndogo zinazopitia kwenye taasisi za Marekani kwenda nchi za nje hadi uwekwe utaratibu mwingine. Vijana waliokuwa katikati ya uzamivu walijikuta wakisubiri barua pepe. Serikali zetu haziwezi kulipia kila kitu, lakini zinaweza kulipia kile ambacho mfadhili hapendi kukilipia na ambacho kikikatika hakiungiki: rejista. Mishahara ya watu wachache wanaoandikisha, wanaofuatilia kwa simu, wanaotunza sampuli kwenye ubaridi unaotakiwa. Ruzuku ya miaka mitano ikiisha, mwanafunzi anaweza kusubiri mwaka. Kundi la wagonjwa likiachwa mwaka mmoja bila kufuatiliwa, miezi ile haipatikani tena.

Na Muhimbili ina sababu ya haraka. Watoto walioandikishwa 2004 wakiwa wachanga sasa wamevuka miaka ishirini. Miongoni mwao wapo wanaotaka kuolewa, na hatari ya mimba kwa mwenye selimundu katika hospitali za mikoa bado inahitaji kupimwa kwa kina. Wapo ambao figo zao zimeanza kupitisha protini. Wapo waliokunywa haidroksiyurea tangu utotoni na wanauliza kama itawazuia kupata mtoto. Hospitali nyingi zina kliniki ya watoto yenye mabingwa na ya watu wazima ambamo kijana huyu anaonekana na daktari mpya kila anapokwenda. Ningekuwa na nafasi za uzamivu tano za kugawa mwaka huu, zote tano ningeziweka hapo, kila mmoja na swali lake, wote kwenye rejista moja, na raundi ya pamoja kila Alhamisi ambayo msimamizi hakosi.